Magongo Yaliponyamaza



Makala haya yalianzia sebuleni kwangu, siku ya Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, kwa ugomvi mdogo ambao mimi ndiye niliyeuanzisha na wala sikuushinda. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 12, huchezea timu ya watoto ya besiboli katika bustani ya mtaa wetu hapa Minneapolis. Kiangazi cha mwaka wake wa kwanza aliupiga mpira kana kwamba amezaliwa na gongo mkononi. (Wasomaji wa kutoka Bara wanisamehe: gongo ninalolitaja hapa ni la mti, si lile linywewalo vichochoroni.) Kiangazi kilichofuata hakupiga kitu. Wiki baada ya wiki alirudi nyumbani na jezi safi, haina hata vumbi. Nami, nikidhani natimiza wajibu wa mzazi, nikamwambia kwamba amevimba kichwa, kwamba sifa zimemlevya, na kwamba ni heri auache mchezo huo na muda wake autie katika masomo ya skuli na madrasa.

Kijana hakunijibu, aliinamisha kichwa tu. Aliyenijibu ni dada yake, ambaye yuko chuo kikuu akisomea takwimu. "Baba," alisema, "na Twins wa mwaka 2020, nao walivimba vichwa?"

Mjomba wangu alikuwapo, akinywa kahawa. Ni mzee wa Mombasa aliyeufuata mchezo wa kriketi tangu ujana wake, na mpaka leo huiita besiboli "kriketi iliyopotea njia." Yeye alinitetea papo hapo. "Naam, walivimba," alisema. "Walilipwa wakashiba. Na mtu akishiba hakimbii."

Mjadala huo ulituchukua hadi Magharibi, na Magharibi ya kiangazi hapa kwetu, kama mjuavyo, huingia saa tatu usiku. Niliyoyasikia siku ile yalinifanya nikatafute mengine, na nimeona si vibaya niwaletee, maana najua si mimi peke yangu mwenye mtoto anayelala na glavu ya besiboli chini ya mto.

Kwanza, kwa wazee wenzangu ambao hawajapata kuketi Target Field, kile kiwanja kikubwa cha katikati ya Minneapolis ambako treni ya mjini hufika mlangoni. Mchezo wenyewe si mgumu kama unavyoonekana. Mtupaji husimama juu ya kichuguu kidogo na kuutupa mpira. Mpigaji humngoja na gongo lake. Viko vituo vinne. Mpigaji akivizunguka vyote na kurejea alipoanzia, timu yake imepata mkimbio mmoja, kama katika kriketi, na timu yenye mikimbio mingi ndiyo mshindi. Mpira ukipigwa hata ukavuka uzio wa mbali, hiyo ndiyo homurani: mpigaji huzunguka vituo vyote kwa mwendo wa maringo, na wenzake waliokuwa vituoni huingia pamoja naye. Ila liko jambo moja ambalo mgeni wa mchezo huu ni lazima alijue, la sivyo hataelewa chochote. Mpigaji anayefaulu mara 3 katika kila majaribio 10 huhesabiwa bingwa. Kushindwa mara 7 ndiyo kawaida ya walio bora.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Twins walihamia hapa kutoka Washington mwaka 1961, nao wametwaa ubingwa wa Marekani mara mbili wakiwa hapa, mwaka 1987 na 1991. Lakini haikupata kuonekana timu yao iliyopiga kama ile ya mwaka 2019. Katika michezo 162 walipiga homurani 307. Rekodi ya ligi kuu kabla ya hapo ilikuwa 267, ya New York Yankees mwaka 2018. Na hao hao Yankees mwaka 2019 walipiga 306, wakaikosa rekodi kwa mpira mmoja. Nelson Cruz, Mdominika aliyetimiza miaka 39 katikati ya msimu, alipiga 41. Max Kepler, mzaliwa wa Berlin, alipiga 36, Miguel Sanó 34, Eddie Rosario 32, na Mitch Garver 31. Haikupata kutokea kabla ya hapo timu moja kuwa na wapigaji watano waliofikia 30 katika msimu mmoja. Walijulikana kwa jina la Bomba Squad, na watoto wetu wakalishika jina hilo kwa furaha zaidi kuliko wenzao, maana wao wanajua kwamba bomba kwa Kiswahili ni mfereji, na mfereji huo ulikuwa umefunguliwa kweli. Mikimbio yote ya mwaka ilifika 939. Walishinda michezo 101 na kushindwa 61.

Mwaka 2020 ukaja na maradhi ya korona. Msimu ulifupishwa ukawa wa michezo 60, ukaanza mwishoni mwa Julai, viti vitupu. Twins wale wale, chini ya meneja yule yule Rocco Baldelli, walipata mikimbio 269. Binti yangu alichukua bahasha ya bili ya umeme akaandika nyuma yake: mwaka 2019, mikimbio 5.80 kwa kila mchezo. Mwaka 2020, mikimbio 4.48. Kwa kasi hiyo ya pili, kama michezo ingalikuwa 162, wangalipata takriban 726. Yaani mikimbio zaidi ya 200 ilitoweka. Ilikwenda wapi?

Mjomba alikwisha toa jibu lake, nasi tulianza na hilo kwa heshima ya umri wake. Fedha. Ni kweli kwamba Januari 2020 Sanó alitia sahihi mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 30, na msimu uliofuata alishuka hadi mapigo mazuri 20 katika kila majaribio 100, akatolewa kwa kukosa mpira mara 90 katika michezo 53. Mjomba alipiga goti lake kwa kiganja. "Mwaona?" Lakini binti alimwomba radhi, akamwambia, "Babu, na Kepler na Polanco?" Hao wawili walipewa mikataba yao mirefu Februari 2019, wote siku moja, na mwaka huo huo wa kushiba ndio waliopiga homurani nyingi kuliko walivyopata kupiga kabla yake. Ikiwa fedha humlegeza mtu, ilichagua nani wa kumlegeza na lini. Mzee alisema kahawa imepoa, akaenda jikoni kuongeza.

Aliporudi alileta hoja nyingine, na hii ilikuwa na uzito. Alisema timu si jina. Timu ni watu. Akatukumbusha Kenya ya kriketi, iliyoishinda Sri Lanka mjini Nairobi mwezi Februari 2003 na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia chini ya nahodha Steve Tikolo. Miaka minne baadaye timu hiyo ilitolewa katika hatua ya kwanza tu, na mwaka 2014 ikapoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. "Jezi ni ile ile," alisema, "bendera ni ile ile. Lakini wachezaji waligombana na viongozi juu ya malipo, wazee wakazeeka, vijana hawakuandaliwa." Hapo hakuna aliyembishia. Twins nao, baada ya mwaka 2019, waliwaacha C.J. Cron na Jonathan Schoop wakaenda Detroit, na hao wawili walikuwa wamepiga homurani 48 baina yao. Mwalimu wa upigaji, James Rowson, ambaye wachezaji wengi walimsifu, aliondoka kwenda Miami. Nafasi ya Schoop ilishikwa na Luis Arraez, kijana wa Venezuela mwenye jicho kali, aliyepata mapigo mazuri 32 katika kila majaribio 100. Mwaka huo, hata hivyo, hakupiga homurani hata moja. Alijaza vituo kwa watu, lakini wa kuwarudisha nyumbani walikuwa wamepungua.

Lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni miili. Hapa mimi na binti yangu hatukukubaliana, na mpaka leo hatukubaliani. Klabu ilimchukua Josh Donaldson kwa dola milioni 92 kwa miaka minne, ili azibe pengo; msuli wa kigimbi chake ulimsumbua, akacheza michezo 28 tu kati ya 60, na katika michezo ya mtoano hakuwamo kabisa. Garver aliumia msuli wa mbavuni akacheza 23. Jorge Polanco, aliyepiga homurani 22 mwaka 2019, alipasuliwa kifundo cha mguu msimu ulipokwisha. Mwaka 2020 alicheza karibu michezo yote lakini akapiga 4 tu, na msimu huo ulipokwisha akapasuliwa tena kifundo kile kile. Mtu aliyemtazama kwenye televisheni aliona mchezaji aliyekwisha. Mwaka 2021 Polanco huyo huyo alipiga homurani 33. Natamani kila aliyemzomea angalikumbushwa idadi hiyo, na mimi ni mmoja wao, ijapokuwa nilimzomea nikiwa kwenye kochi langu.

Anayetaka kuona jinsi miili inavyoweza kuiangusha timu nzima, na arudi nyuma zaidi, mwaka 2010. Joe Mauer ni mtoto wa Saint Paul, amezaliwa na kukulia ng'ambo ya mto tu. Mwaka 2009, katika jumba la zamani la Metrodome, alipiga homurani 28 na kutangazwa mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka uliofuata Twins walihamia Target Field, kiwanja kisicho na paa, chenye upepo na baridi ya masika. Homurani za Mauer zikawa 9, na kati ya hizo ni moja tu aliyoipiga nyumbani. Je, alikuwa amevimba kichwa? Mapigo yake mazuri bado yalikuwa karibu 33 kwa kila majaribio 100. Mpira ulikwenda mbali kama kawaida, ila uzio wa kiwanja kipya haukuwa pale ulipokuwa wa zamani. Hata hivyo mwaka huo timu ilishinda michezo 94. Kisha, mwaka 2011, kila kitu kilivunjika. Mauer alipatwa na udhaifu wa miguu akacheza michezo 82. Mwenzake mkubwa, Justin Morneau, aliyekuwa amepata mtikisiko wa ubongo Julai 2010 alipogongwa kichwani na goti la mpinzani huko Toronto, alicheza 69, akapiga homurani 4. Tsuyoshi Nishioka, aliyeletwa kutoka Japani, alivunjwa mguu wiki ya kwanza ya msimu. J.J. Hardy, ambaye klabu ilimwacha aende Baltimore, alipiga homurani 30 huko alikokwenda; hilo halikuwa la Mungu peke yake, lilikuwa na mkono wa watu. Mikimbio ilishuka kutoka 781 hadi 619, na timu iliyoshinda 94 ikashindwa 99.

Nilipolieleza hilo niliona nimeshinda. Binti akatikisa kichwa. Alisema mwaka 2011 ni wa majeraha, hana ubishi, lakini mwaka 2020 una jambo jingine ndani yake, na jambo hilo halionekani kwa macho.

Kabla hatujafika huko, kijana wetu, aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza habari za mpira wenyewe. Swali lilikuwa zuri kuliko alivyojua. Mipira ya ligi kuu hushonwa kwa mikono huko Costa Rica, mishono 108 kwa kila mpira, na mshono ukipanda au kushuka kidogo tu, hewa huushika mpira kwa namna nyingine. Mwaka 2019 ligi nzima ilipiga homurani 6,776, idadi isiyopata kufikiwa kabla ya hapo. Desemba ya mwaka huo kamati ya wataalamu iliyoundwa na ligi ilitoa taarifa yake: mpira wa msimu ule ulipasua hewa kwa urahisi zaidi, na mshono ulikuwa sehemu ya sababu. Kwa hiyo Twins walikuwa mabingwa wa kupiga katika mwaka ambao kila mtu alipiga. Mwaka 2020 ligi nzima ilipungua, kutoka homurani 1.39 kwa timu katika kila mchezo hadi 1.28, ambayo ni kama asilimia 8. Twins walitoka 1.90 hadi 1.52, yaani asilimia 20. Mpira, basi, hauwezi kubeba lawama yote. Wengine nao waliutumia mpira huo huo.

Liko na suala la waliokutana nao. Kwa ajili ya maradhi, mwaka 2020 timu za katikati ya nchi zilicheza zenyewe kwa zenyewe, ili kupunguza safari. Katika kundi hilo alikuwamo Shane Bieber wa Cleveland, aliyeruhusu mikimbio 1.63 tu kwa kila zamu tisa, na Trevor Bauer wa Cincinnati, aliyeruhusu 1.73, wote wawili walitwaa tuzo ya mtupaji bora, kila mmoja katika ligi yake. Ni dhahiri kwamba kumkabili Bieber mara kwa mara ni msiba. Lakini binti yangu alituonya kwamba hesabu hii ina mtego: ikiwa watu wa mtaa mmoja wanashindana wao kwa wao tu, utajuaje kama watupaji wao ni hodari au wapigaji wao ni dhaifu? Timu saba za kundi hilo ziliingia katika mtoano, na zote saba zilitolewa raundi ya kwanza. Mjomba alicheka sana kwa hilo. Kadhalika mwaka huo wachezaji walikatazwa kuzitazama video za mapigo yao wakati mchezo ukiendelea, jambo walilolizoea. Wako waliolalamika, ingawa katazo lilikuwa la timu zote.

Sasa lile lisiloonekana. Binti alitoa robo dola mkobani akampa mdogo wake, akamwambia airushe mara 20 na kuhesabu vichwa. Mjomba aliuliza kama ile si kamari. Aliambiwa hakuna anayeweka kitu, akaridhika nusu. Vichwa vilikuwa 13. "Rusha tena." Safari hii vilikuwa 8. Binti akanigeukia: "Baba, sarafu hii imevimba kichwa?"

Kila matokeo, alieleza, yana sehemu mbili: uwezo wa mtu, na bahati ya siku hizo. Mpira uliopigwa vizuri humwendea mdakaji mikononi. Uliopigwa vibaya huanguka penye nafasi. Katika michezo mingi bahati husawazishana, katika michache haisawazishi, na michezo 60 ni michache mno kwa besiboli. Zaidi ya hayo, sisi huwa hatuichagui timu ya kuishangaa ovyo. Tunaichagua inapokuwa kileleni. Na timu haifiki kileleni kwa uwezo peke yake. Imefika pale kwa uwezo pamoja na wingi wa bahati njema kwa wakati mmoja. Msimu unaofuata uwezo hubaki, bahati husambaa. Mpanda ngazi hushuka, nasi chini tunatafuta nani aliyemsukuma.

Akamchukua Garver kwa mfano. Mwaka 2018 Garver alipiga homurani 7. Mwaka 2019, katika michezo 93 tu, alipiga 31, moja katika kila majaribio kumi. Mwaka 2020 alipiga 2 katika majaribio 72. Mwaka 2021 alipiga 13 katika michezo 68. Aliyeketi nyumbani mwaka 2020 alipiga kelele kwamba Garver ameharibika. Lakini ukiziweka idadi hizo nne kwenye mstari mmoja, iliyo ya ajabu kuliko zote ni ile 31. Kepler vivyo hivyo: kabla ya 36 zake hakupata kuvuka 20. Kwa hiyo swali lililoandikwa nyuma ya bahasha lilikuwa limegeuzwa kichwa chini, alisema. Si kwa nini mwaka 2020 ulikuwa mbaya, bali kwa nini mwaka 2019 ulikuwa mzuri kiasi kile.

Nilimwuliza kuhusu Cruz, nikidhani nimempata. Maana Cruz, aliyetimiza miaka 40 Julai mosi 2020, hakushuka: alipiga homurani 16 katika michezo 53 na wastani wake ulikuwa zaidi ya mapigo 30 kwa majaribio 100. Na Byron Buxton alipanda, akapiga 13 katika michezo 39. Akajibu kwamba hivyo ndivyo ilivyo; bahati huwasambaa watu bila mpangilio, wengine hushuka, wengine husimama, wengine hupanda, na ndiyo sababu maelezo ya kwamba "wote walilegea" hayasimami. Mimi bado nasema kigimbi cha Donaldson na kifundo cha Polanco vilichukua sehemu kubwa kuliko anavyokubali. Mtu mwenye maumivu ya mguu si sarafu.

Jambo moja nililoliona baadaye, nikiwa peke yangu na hizo bahasha, ni kwamba kupungua huko hakukuiua timu mara moja. Mwaka 2020 Twins walishinda michezo 36 na kushindwa 24, wakaongoza kundi lao tena, kwa sababu watupaji wao walikuwa wamekuwa bora. Kenta Maeda, aliyeletwa kutoka Los Angeles, alishika nafasi ya pili nyuma ya Bieber katika tuzo ile. Ufa ulijificha nyuma ya rangi. Ulionekana tarehe 29 na 30 Septemba, walipowapokea Houston, timu iliyoingia mtoano ikiwa imeshindwa michezo mingi kuliko iliyoshinda. Twins walifungwa 4 kwa 1, na kesho yake 3 kwa 1. Mikimbio miwili katika siku mbili, mbele ya viti vitupu. Ilikuwa mara ya 18 mfululizo kwao kushindwa katika michezo ya mtoano, mkosi ulioanza mwaka 2004 na ambao haukukatika hadi Oktoba 2023, kijana Royce Lewis alipopiga homurani mbili dhidi ya Toronto. Usiku ule mwanangu alinikumbatia kwa nguvu hata chai ikamwagika.

Na mwaka uliofuata, 2024, walikuwa na ushindi 70 kwa 53 katikati ya Agosti, wakamaliza 82 kwa 80. Mjomba alinipigia simu kila jioni ya kuporomoka kule, akicheka.

Narudi kwa kijana. Siku ile aliondoka sebuleni bila kusema lolote. Mimi nilibaki na swali ambalo dada yake aliniuliza akikusanya vikombe, kwa sauti ya chini ili babu yake asisikie: "Baba, mwaka huu umekwenda kumtazama mara ngapi?"

Sikuwa nimekwenda. Kiangazi cha kwanza nilikwenda karibu kila wiki. Cha pili nilikuwa nimehamishiwa zamu ya usiku kazini, na jioni za michezo yake nilikuwa nalala ili niweze kuamka. Hukumu yangu yote niliitoa kwa kuitazama jezi yake ikiwa kapuni.

Wiki iliyofuata nilibadilishana zamu na mwenzangu nikaenda, nikabeba kiti cha kukunja na birika la chai. Nilimkuta mwalimu wao, mzee wa Kimarekani mpole, nikamwuliza kwa nini mwanangu hapigi tena. Alinitazama kama mtu anayestaajabu kuulizwa. Akanionyesha kichuguu cha mtupaji. Kwa watoto wa umri huu, alisema, kimesogezwa nyuma, na kiwanja kimekuwa kikubwa. Watupaji nao wamekuwa wakubwa, wapo wenye uwezo wa kuupindisha mpira. Kisha akaninyooshea kidole mwanangu mwenyewe, akaniuliza kama nimeona kwamba amerefuka inchi nne tangu mwaka uliopita. Mikono ni mipya, miguu ni mipya, na gongo analotumia ni lile lile la mwaka juzi, fupi na jepesi. "Anajifunza mwili wake upya," alisema. "Mpe muda. Na mnunulie gongo."

Jioni ile kijana alisimama mbele ya mtupaji mara tatu. Mara ya kwanza aliukosa mpira mara zote tatu. Mara ya pili vivyo hivyo, nami nikajizuia kusema kitu. Mara ya tatu aliupiga sawasawa, mlio wake ukasikika hadi barabarani, mpira ukaenda moja kwa moja kwenye glavu ya mdakaji wa upande wa kushoto, ambaye hakuhitaji kusogea hata hatua moja. Kijana aligeuka akatazama upande wa viti, akaniona. Jezi yake ilikuwa safi.

Gongo tulilinunua Jumapili.